Mbili kwa Kumi

Mume wangu Kyule si mwongo. Ana adabu tu, na adabu hiyo nusura imlemaze.

Aliumia mwezi wa tano, katika mechi ya wazee wa kanisa dhidi ya vijana wa kwaya. Mtu wa miaka arobaini na saba, mchonga vinyago, tumbo limeanza kumtangulia mlangoni, akaamua kumkimbiza kijana mwimba besi. Alipogeuka, mguu wa kushoto haukugeuka naye. Nilimsikia akipiga yowe nikiwa kwenye benchi na akina mama wenzangu, na kabla sijamwonea huruma nilimkasirikia. Picha aliyopigwa hospitalini ilionyesha kwamba kano la katikati ya goti lilikuwa limekatika.

Hospitali ile ilikuwa na utafiti. Walitaka kujua kama mtu wa namna yake ni heri apasuliwe mapema au aanze na mazoezi. Walitusomea kila kitu polepole: kwamba si lazima, kwamba anaweza kujitoa siku yoyote, kwamba kura ingepigwa na kompyuta, si daktari. Kura ikamwangukia mazoezi. Goti likiendelea kumwangusha hadi miezi mitatu, angepewa nafasi ya kupasuliwa, tena bure. Likitulia, angeendelea na mazoezi yake.

Basi kila Ijumaa saa kumi jioni, binti wa utafiti aitwaye Akech alimpigia simu hapa kwetu mtaani Huruma.

"Baba, habari ya leo?"

"Nzuri sana, mama."

"Uchungu wiki hii ni ngapi kwa kumi?"

"Mbili."

"Na goti limekuangusha?"

"Wapi! Halijaniangusha."

Kesho yake, Jumamosi moja, nilimkuta ameketi kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, ameshika chuma cha ukutani, jasho linamtoka. Akaniambia anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa patipati, ndara zisizo na kamba hata moja.

Kazini kwake, kule mtaa wa Baba Dogo, Kyule hukaa chini akichonga, kisha huinuka na gogo kifuani na tezo kali mkononi. Kila asubuhi nilipomwona akitoka na hilo goti, moyo wangu ulitoka naye. Niliogopa siku ile goti litamwacha na tezo iko hewani.

"Kwa nini unamdanganya mtoto wa watu?" nilimuuliza.

"Simdanganyi, Mama Ndete. Yule msichana alinifundisha kila zoezi mwenyewe, amepiga magoti sakafuni ameshika kisigino changu. Sasa nimwambie kazi yake yote imeenda bure?"

"Mficha maradhi, kilio humfichua."

"Hilo la kilio lisubiri kwanza," akasema akicheka, akarudi kwenye mazoezi yake. Kwa sababu mazoezi aliyafanya, hilo sitamnyima. Alilala chali kwenye mkeka, ukanda wa mpira umezungushwa kwenye wayo, akihesabu kwa Kikamba, uso umekunjamana. Nikatoka nje kuanua nguo, maana ningebaki pale ningelia.

Ningeweza kumpigia Akech mwenyewe. Mara mbili nilishika simu, mara mbili nikaiweka. Kumsema mume wangu kwa msichana wa rika la binti yetu ni aibu niliyoshindwa kuibeba. Nyumba nzima ilikuwa imejaa adabu, na goti linazidi kuoza.

Ijumaa ya mwisho kabla ya ile miezi mitatu kutimia, mlango ulibishwa. Alikuwa Qorane, jirani yetu wa ghorofa ya chini, dalali wa mbuzi soko la Kiamaiko, baba wa mapacha. Magongo yalikuwa kwapani, na suruali imejaa vumbi nyuma. Alikuwa amepanda ngazi zote kwa makalio, kidato baada ya kidato.

"Sasa mzee. Mama, sasa," akasema akihema. "Niliteleza pale machinjioni na mbuzi mkononi. Mbuzi haikuumia, lakini mimi goti ikaenda. Wameniambia niingie hiyo utafiti yenu. Nimekuja kusikia kwa mtu najua. Hayo mazoezi inashika kweli? Wewe umepona?"

Kyule akafungua kinywa. Nilijua kitakachotoka, nikajiandaa kukasirika. Lakini aliyatazama yale magongo, akaitazama ile suruali yenye vumbi, akafunga kinywa.

Simu ikalia. Kyule akaiweka mezani na kuwasha spika.

"Kaa hapo usikie," akamwambia Qorane.

"Baba, habari ya leo?"

"Si nzuri, mama."

Miaka ishirini na miwili ya ndoa, na sijawahi kumsikia akimjibu mtu salamu hivyo.

"Uchungu ni ngapi, baba?"

"Sita. Asubuhi ni saba. Zile mbili nilizokuwa nakuambia, zifute."

"Na goti limekuangusha?"

"Limeniangusha. Tangu tuanze, mara kumi na moja." Sauti yake ikapungua. "Nisamehe, mama. Wewe ulijitahidi."

"Pole sana, baba," Akech akasema. "Hujanikosea. Kuna wenye goti linashika na mazoezi tu, na kuna wenye halishiki. Siwezi kujua wewe ni yupi kama hujaniambia. Kuja Jumatatu daktari akuangalie. Ukitaka upasuaji, nafasi iko. Unataka?"

"Naogopa," Kyule akasema, mbele ya jirani, mbele yangu. "Lakini nataka."

Qorane alikunywa chai yangu yote. Mwishowe akasema ataingia kwenye huo utafiti, kura imwangukie popote, lakini yeye atawaambia ukweli kutoka siku ya kwanza. Akashuka vilevile alivyopanda, mimi nikimshikia magongo.

Niliporudi, Kyule alikuwa bado ameketi palepale. Kumi na moja. Mimi nilikuwa nimeona tatu tu. Mara nane mume wangu alianguka mahali, akajiinua peke yake, akajipangusa, akaja nyumbani na kuniuliza nimeshindaje. Hasira ilinipanda, kisha ikanishinda, nikalia mbele yake bila kujificha.

"Ulianguka wapi?" nikamuuliza. "Nataka zote nane."

Akauinua ule mguu kwa mikono miwili, akaulaza mapajani mwangu, akaanza na ya kwanza.