Kurasa Kumi na Tisa

Asubuhi ile nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, nafunga kitabu cha baba kwa karatasi ya kaki. Miaka tisa ya kazi, na uzito wake haukumzidi mtoto mchanga.

Baba yangu, Josiah Penhale, alikuwa akiandika maisha ya washairi waliokufa. Safari hii alikuwa Aubrey Lisle. Mjane wake, Bi Lisle wa Highgate, ndiye aliyemwazima barua zote za marehemu, kwa sharti moja: kitabu akisome yeye kwanza, kabla ya mchapaji. Ndivyo ilivyokuwa London siku hizo. Marehemu alikuwa mali ya mjane.

"Huyo mama akikohoa tu, tumekwisha," baba alisema akivaa kofia. "Kipeleke wewe, Hester. Ila usimchoshe kwa maneno."

Akacheka peke yake. Mimi hata muuza maziwa nilikuwa namjibu kwa kichwa.

Nikahesabu kurasa, kama alivyonifundisha. Ilikuja namba 211, kisha 231. Zilizokosekana nilizikuta chini ya kidau cha wino. Sikuzisoma, nilitazama namba tu. Baba alikuwa bado ngazini, nasikia viatu vyake. Ningeweza kumwita. Nikaona haya kumrudisha juu kwa jambo dogo hivyo, nikazipanga mahali pake.

Siku ya tatu baada ya kukifikisha Highgate, alikuja wakili wa Bi Lisle, na sanduku la kubebea barua.

"Yule mwanamke wa marehemu kule Margate, na mtoto wake," alisema, "bibi hawajui. Wala hataki wajulikane."

"Na kitabu changu?"

"Sebuleni kwa bibi kuna moto, bwana."

Baba alimkabidhi barua moja moja, akinyoosha kingo. Mlango ulipofungwa akanitazama.

"Zile kurasa kumi na tisa nilizitoa, mwanangu."

"Nilidhani zimepotea."

"Haya. Umehesabu vizuri."

Hakuandika tena maisha ya mtu. Alipokufa gazeti lilimpa mistari miwili, na jina wakalikosea.

Siku ile ya wakili, kabla ya chai, nilimwandikia Bi Lisle: *Kosa ni langu. Baba alizitoa kwa heshima yako.* Nikaitia posta mwenyewe.

Tarishi alipita mtaani kwetu mara sita kwa siku. Hatua zake nilizijua tangu kona. Nikajifunza na zinavyosikika zikiupita mlango wetu.