Kitanda Kilicholaliwa na Mlima

Kila Jumamosi asubuhi Ketura alifua shuka ambazo hakuna mtu aliyezilalia. Alizianika uani, nyuma ya nyumba yake milimani juu ya Bwera, na zilipokauka alizikunja akazirudisha kwenye kitanda cha wageni. Chumba hicho alikijenga mwenyewe kwa kuuza mbuzi, maana kwenye semina ya umoja wao wa utalii waliambiwa kwamba watalii wa siku hizi wamechoshwa na hoteli, wanataka kulala kwa mkulima. Basi Ketura alingoja mtalii. Alitaka mmoja tu, hata akiwa mkoromaji.

Cha kuwaonyesha alikuwa nacho. Kila alipokaa uani kukaanga kahawa kwenye chungu, mlima Rwenzori ulivua mawingu, ukateremka na theluji yake hadi kwenye migomba, ukasimama pale kunusa. Majirani walishazoea. Walilalamikia baridi kidogo, wakaingiza kuku ndani.

Mwenyekiti wa umoja wa utalii wa mashambani alikuwa Asanasio, bwana wa maneno matamu, tumbo mbele, mwenye loji kando ya barabara iendayo Kasese. Aliposikia habari za mlima aliitisha mkutano.

"Mama Ketura, hiyo mlima ni yetu sisi wote," alisema. "Kidole moja haivunji chawa. Mwenye asali alete asali, mwenye ngoma alete ngoma. Wewe unaleta mlima."

"Na wewe, Chairman?"

"Mimi naleta vitanda."

Wanachama walipiga makofi. Ketura naye alipiga, kwani nani anataka kuitwa mvunja umoja mbele za watu? Tangu siku hiyo boda boda ilimchukua yeye na chungu chake hadi loji. Alikaa nyuma ya jiko akakaanga, mlima ukaja ukasimama mbele ya veranda, wageni wakapiga picha. Ketura, pale alipokaa, aliona ukuta. Alipouliza ni lini mgeni atalala kwake, Asanasio alimwambia kwamba wenzake wataona wivu. Wenzake, wa asali na wa ngoma, nao walikuwa wameambiwa hivyo hivyo.

Jioni moja ya mvua mlima ulimfuata nyumbani. Ulisimama mlangoni ukichuruzika maji, umechoka kupigwa picha. Ketura alikuwa ameketi na Benedicte, mfanyabiashara wa Butembo kule Kongo, yule aliyemuuzia godoro la chumba cha wageni.

"Mugeni ni mugeni," Benedicte alisema. "Umupatie blanketi."

Mlima ukaingia kwa ubavu, kama watu wanene wanavyoingia kwenye teksi, ukajilaza. Kilele kimoja kilibaki nje kwa kukosa nafasi, na Ketura akakifunika kwa gunia. Usiku alisikia kitanda kikilia chini ya mgeni, akalala na furaha ambayo hakuwa nayo tangu aolewe. Asubuhi aliupelekea mlima chai ya tangawizi. Ulikunywa, ukaenda zake, ukaacha shuka zimelowa na theluji kidogo kwenye mto.

Asanasio alifika saa hiyo hiyo. Wageni wake walikuwa wameamka wakakuta mawingu matupu, wananung'unika. Hakugomba. Aliingia chumbani, akakibonyeza kitanda kwa kiganja, akakizunguka.

"Hii ni kitu ya umoja," alisema. "Wageni watapenda sana kulala pahali mlima ililala."

Kitanda kilifungwa juu ya boda boda, miguu juu, pamoja na shuka zake, kikashuka hadi loji, kikapewa chumba chake na bei yake. Ketura alisimama katikati ya chumba kitupu.

"Na mimi, Chairman?"

"Wewe iko na maji safi ya mlima huku juu," Asanasio alimjibu kwa upole. "Kila mwanachama analeta kitu iko nayo."

Mlima bado huja loji kila kahawa inapoanza kunukia. Na kila Jumamosi asubuhi boda boda hupanda kwa Ketura na furushi la shuka kutoka loji. Yeye hulipokea, hufua, huanika uani. Shuka zile sasa zimelaliwa kweli.