Shati Lisilo na Chumvi

Mjane hakuwa amelia. Mtaa mzima ulikuwa umeliona hilo, na mtaa ule ukishapata jambo haulali na njaa. Siku ya kumzika mumewe alisimama kando ya kaburi macho makavu kama vibanio vya nguo, na wanawake wakanong'onezana wee, mpaka udongo ukafunika jeneza. Walidhani ana roho ya jiwe. Yeye alikuwa na sababu yake, na sababu yenyewe ilikuwa shati.

Mama huyu alikuwa dobi. Pua yake ilisoma nguo kama wengine wasomavyo gazeti: hii ya mpishi, hii ya mlevi, hii mwenyewe kadanganya alikolala. Mumewe, fundi wa kufuli, alikuwa na ugonjwa mmoja uliojulikana: baiskeli. Kila Jumapili aliondoka asubuhi, akapanda vilima vya mji kimoja baada ya kingine, akarudi jioni shati limemganda mgongoni. Miezi ya mwisho shati liliendelea kurudi limelowa, ila mkewe alipolitia puani, hola! Jasho hakuna, chumvi hakuna, maji matupu. Na mwanamume anayerudi na maji matupu mgongoni, ameoga. Sasa ameoga kwa nani?

Alimuuliza mara moja tu. Mume akacheka, akasema, "Vilima navyo vina maji, mke wangu." Basi, akamnunia. Chakula akawa anamwekea kama anayemwekea mpangaji. Alikuwa bado amenuna asubuhi ile alipomvuta shuka bila salamu, na mume asiamke. Daktari akasema moyo umesimama ghafla.

Sasa mjane alitaka jambo moja tu hapa duniani: amjue huyo mwanamke, ndipo ajue kama marehemu ni wa kuliliwa au wa kulaaniwa. Akaamua kumtafuta kwenye vilima alivyopanda mumewe, kimoja baada ya kingine.

"Na mimi naenda," alisema wifi yake, dada wa marehemu, ambaye mtaani walimwita Redio. "Nikuache umsingizie kaka yangu peke yako?"

"Utapanda wapi na mzigo huo?"

"Keria imewekwa ya nini? Wewe kanyaga, acha wivu wa nyama."

Wakaondoka hivyo hivyo, mjane juu ya baiskeli ya marehemu, Redio nyuma amekaa upande, akiwapungia majirani utadhani anapelekwa harusini. "Mkimpata mleteni na nywele zake!" mmoja akapiga kelele kutoka kibarazani.

Walianza na kilima cha mbali, nje kidogo ya mji, chenye mnara wa simu. "Mwizi mwerevu haibi kwa jirani," mjane alisema. Kwenye mwinuko Redio alishuka, akasukuma baiskeli kwa nyuma huku anahema.

"Wifi, kama kaka alikuwa anapanda huku kwa ajili ya mwanamke, huyo mwanamke tumpe na urithi. Kaustahili!"

Mlinzi wa mnara aliitambua baiskeli kabla hajawatazama wao. "Fundi wa kufuli yuko wapi? Katutupa."

"Tangu lini?" mjane akauliza.

"Tangu mvua zilipokatika. Mara ya mwisho alifika anaikokota hiyo baiskeli, akajilaza hapo kwenye majani mpaka nikaingiwa na hofu. Nikamwambia, mzee, kuna nini? Akasema kilima kimerefuka."

Hawakuwa na moyo wa kumwambia kwamba fundi amezikwa. Walipofika njiani Redio akasema, "Umeona? Mwanamke pale ni mnara tu."

"Bado," mjane akajibu, lakini alikanyaga taratibu zaidi.

Kilima cha pili kilikuwa ndani ya mji, kimeliwa ubavu mmoja na machimbo ya mawe. Katikati ya njia ya kupandia alikaa mwanamke kijana akiponda kokoto, mzuri kiasi kwamba hata vumbi lilishindwa kumficha. Mjane akaiegesha baiskeli kwa kishindo.

"Unamjua mwenye hii?"

"Namjua vizuri. Alinitengenezea kufuli la sanduku langu la zana."

"Na wewe ukampa nini?"

Redio akamfinya wifi yake kiunoni. Yule binti, nyundo mkononi, hakuelewa kitu. "Nilimpa maji, mama. Alikuwa anaishia hapa, juu hafiki. Anashika kifua, pumzi inalia kama bawaba yenye kutu. Nikamsihi aende hospitali, akasema ameshaenda. Alikuwa anacheka. Eti, 'Nimefungua kila kufuli la mji huu, hili la kwangu wameniambia halina ufunguo.' Kisha akaacha kuja. Hajambo lakini?"

Redio ndiye aliyemwambia. Binti akaweka nyundo chini, akajifuta uso na kitambaa cha kichwani, vumbi likageuka tope.

Waliteremka. Redio hakutoa sauti hata baiskeli iliporuka shimo.

Kilima cha tatu hakikustahili kuitwa kilima. Kilikuwa kichuguu kilichonenepa nyuma ya soko, jirani na kwao, ambacho hata mbuzi mwenye mimba hakipandi kwa kuhema. Juu yake mzee mmoja aliuza chai chini ya turubai. Aliitazama baiskeli, kisha akaitazama mikono ya mjane iliyochubuliwa na sabuni.

"Wewe ndiye mkewe," alisema. "Pole, mama. Habari zilinifikia."

"Alikuwa anakuja hapa?"

"Jumapili zake zote za mwisho. Anafika asubuhi anasukuma baiskeli pole pole, anakaa pale mpaka jioni. Akitaka kuondoka ananiomba kopo la maji, anajimwagia mgongoni. Nikamuuliza, ndugu yangu, una wazimu? Akasema, 'Mke wangu akiona shati kavu, atajua siwezi tena kupanda.'"

Mjane aliushika usukani kwa mikono miwili. "Alikwambia kwamba nimemnunia?"

"Aliniambia. Na kwamba unadhani ana mwanamke. Nikamwambia, basi si umweleze! Akasema, 'Acha anune. Mtu aliyenuna anakula, analala, ana wa kumkasirikia. Akijua, ataanza kunililia tungali tunakula sahani moja.'"

"Na pale alipokaa," Redio aliuliza kwa sauti ndogo, "alikuwa anatazama nini?"

Mzee akanyoosha kidole. Chini yao yalikuwepo mabati ya mtaa wao, na katikati ya mabati ua wa mjane wenye kamba za kuanikia na karai limefunikwa. Jumapili ndiyo iliyokuwa siku yake kubwa ya kufua. Kutoka hapa angeonekana kichwa hadi miguu, anainama, anakamua, anaanika. Mumewe alishinda akimtazama kutwa nzima, kisha jioni akarudi nyumbani kutazama mgongo wa mke aliyenuna.

"Twende, wifi yangu," Redio alisema. "Twende."

Nyumbani walikuta wanawake wamejaa, wengine vitini, wengine mlangoni, kikao kimeiva.

"Haya! Mmempata?"

Wote walimgeukia Redio. Redio akaangalia miguu yake.

"Hakuna mwanamke," mjane alisema. "Hakuwahi kuwepo."

Nyumba ikalipuka kwa vigelegele. Waliokuwa wameapa kwamba yupo ndio waliopiga kelele zaidi: "Si tulisema! Mwanamume yule? Thubutu!" Mmoja akamkumbatia, mwingine akampa kiti, wa tatu akamwambia sasa moyo wake utulie, ana marehemu msafi.

Alikaa katikati yao. Mwanamke angekuwepo, kesho asubuhi angemfuata, angemtukana mpaka wazazi wake, angerudi na nywele mkononi akalale. Sasa hakukuwa na mtu wa kumfuata. Machozi yakaanza kumtoka, kwanza kimya, kisha kwa sauti iliyomtoka tumboni.

"Mwacheni, mwacheni," wanawake waliambiana wakicheka, "ni ya furaha hayo!" Wakapiga vigelegele tena.