Ngoma Iliyolia Woolwich

"Kwani wewe huna ndugu hata mmoja hapa London?" Marion aliwahi kumuuliza jirani yake Priscilla, walipokuwa wakianua nguo kwenye varanda ya ghorofa lao, pale Woolwich.

"Niko naye mmoja, Stanmore," Priscilla akajibu. "Ndugu yangu mdogo. Ila bado hajaambiwa."

Marion akaona hilo ni jibu la kutosha, akaendelea kukunja shuka.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Babake Priscilla alikuwa Mhindi mwenye duka la misumari na mabati Kisumu, na mamake alikuwa akishona magunia nyuma ya duka hilo. Baadaye mzee akaoa mke wa kwao, Kanti, wakahamia London, wakapata mtoto mmoja, Nilesh. Priscilla naye alikuja London akiwa mtu mzima, akapata kazi ya kutunza wazee. Kwa babake alikuwa amerithi kitu kimoja tu, kidole gumba cha mkono wa kulia, kifupi, chenye kucha pana kama kijiko kilichobondwa. Mzee alipofariki, yeye alisikia kanisani, watu wakiwa wameshatoka mazishini. Alimpelekea Kanti kadi ya pole, haikujibiwa. Tangu hapo, kila Jumapili aliwaombea wote watatu, marehemu kwanza.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, Priscilla akikoroga uji, kabati la chini ya sinki likaanza kupiga ngoma.

Ilikuwa ngoma ya harusi ya Kihindi, ile ya kuning'inizwa shingoni na kupigwa pande mbili kwa fimbo, na nyuma yake kulikuwa na matarumbeta. Akafungua kabati. Mlikuwa na sabuni, ndoo na wimbo. Alipoitoa ndoo, wimbo ukasikika vizuri zaidi.

Marion akagonga, akaingia na kilemba cha kulalia. "Prisi, hiyo redio yako haijui leo ni Jumamosi?"

"Si redio. Naona ndugu yangu anaoa."

Marion akainama kabatini, akasikiliza kidogo. "Wana tarumbeta nzuri. Na wewe umesimama hapa na mwiko?"

"Sijaalikwa."

"Sasa hii ni nini? Ulitaka wakuletee farasi mlangoni? Zima jiko, uvae viatu."

Saa hiyo hiyo, kule Stanmore, wageni walikuwa wamesimama barabarani mbele ya nyumba ya Kanti. Nilesh alikuwa juu ya farasi mweupe wa kukodi, ana kilemba cha dhahabu. Bendi ya Tarsem ilikuwa imejipanga katika makoti mekundu. Fimbo zilipanda na kushuka, mashavu ya wapiga tarumbeta yalijaa na kunywea. Hakukutoka sauti yoyote.

Tarsem alizaliwa Nakuru. Kipunjabi chake na Kigujarati cha Kanti havikuelewana vizuri, kwa hiyo waliongea Kiswahili, kama walivyozoea.

"Tarsem, piga!"

"Napiga, mama. Sauti imekwenda kwingine."

"Ngozi ya ngoma yako imelegea."

"Ngozi iko sawa. Harusi moja ya Hounslow pia ilitokea, walimwacha mjomba nyumbani. Nani wa kwenu hajaitwa?"

"Wote wameitwa. Mpaka wale sisi hatuwapendi."

"Dada ya bwana harusi je?"

"Hana dada."

Kwa desturi yao, dada wa bwana harusi humfuata nyuma akitikisa kijungu cha shaba chenye chumvi, ili jicho baya lisimpate. Kijungu hicho alikuwa amepewa binti wa binamu, naye alikuwa akikitikisa kwa bidii. Chumvi haikulia. Tarsem akapumzisha fimbo zake, akamwangalia Kanti.

"Basi tungoje," akasema.

Priscilla alipanda treni, akabadilisha, akapanda nyingine. Ngoma ilikuwa imemfuata ndani ya mkoba. Kijana mmoja akamwomba kwa adabu atumie earphone. Priscilla akamwomba radhi, akaufunga mkoba vizuri, akaukalia. Ngoma ikaendelea chini yake mpaka kituo cha mwisho.

Alipokunja kona ya barabara ile, sauti ikatoka mkobani ikaenda zake kwenye ngoma. Watu wakaanza kucheza. Ila kijungu kilikuwa bado bubu. Kanti akaja haraka, akamtazama usoni, kisha kidoleni, akakichukua kijungu kutoka kwa yule binti.

"Shika. Tikisa. Lakini hapana sema kitu."

"Shikamoo, mama," Priscilla akasema.

"Iko watu hapa. Tembea."

Akatembea nyuma ya farasi, na chumvi ikalia. Njia nzima alikuwa akiipanga sentensi yake kichwani, fupi, ya Kiingereza, kwa kuwa watoto waliozaliwa London, kama Nilesh, husikia Kiswahili lakini hawakijibu: mimi ni dada yako, sina ninachotaka. Aliisema kimoyomoyo kwa mwendo wa ngoma mpaka ikamkaa sawasawa.

Kwenye mlango wa ukumbi bendi ikanyamaza, kwa sababu kazi ya bendi huishia mlangoni. Tarsem akajifuta jasho. "Mimi mwisho wangu ni hapa, dada," akamwambia Priscilla. "Huko ndani ngoma haina usemi."

Priscilla akaingia na kijungu chake. Nilesh alikuwa amesimama chini ya maua, Kanti ubavuni.

"Ahsante sana, auntie," Nilesh akasema kwa Kiingereza. "Mama ameniambia ulifanya kazi kwetu Kisumu."

Priscilla akamtazama Kanti. Kanti alikuwa akinyoosha ukosi wa mwanawe.

"Nilikuwa mtoto wakati huo," Priscilla akasema, akamnyooshea kijungu.

Nilesh akanyoosha mkono kukipokea. Vidole gumba viwili vikakaa pamoja kwenye ukingo wa shaba, vifupi, kucha pana. Akaviangalia. Aliviangalia vya kutosha. Kisha akautoa mkono wake, akautia mfukoni mwa koti.

"Tafadhali, familia tu," mpiga picha akaita.

Nilesh akageuza uso kuelekea kwenye kamera, mkono ukiwa bado mfukoni.

Priscilla akakiweka kijungu juu ya meza, akakisogeza kisije kikaanguka. Akauchukua mkoba wake, akapita katikati ya viti, akatoka na sentensi yake.