Miguu Iliyooshwa Mara Mbili

Alhamisi ya kuosha miguu, saa kumi jioni, wanaume kumi na wawili walikuwa wameketi kwenye stoo ya kanisa, suruali zimekunjwa hadi magotini, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kusuguliwa. Ndivyo walivyofanya kwa miaka minane. Kabla Mchungaji hajaiosha miguu yao mbele ya waumini ilibidi ioshwe kwanza, tena ioshwe kwelikweli, maana mwaka wa kwanza fundi viatu alikwenda mbele na gundi na rangi nyeusi vidoleni, Mchungaji akakunja uso, na picha zote zikatoka na uso ule. Tangu hapo kazi hiyo alipewa Mama Beseni. Alikuwa na brashi, sabuni ya kufulia, jiwe la kusugulia visigino, na mafuta kidogo ya kumalizia ili miguu ing'ae.

Mama Beseni alifagia kanisa, akafuta mabenchi, akafua vitambaa vya madhabahu. Alikuwa pia dada yake Mchungaji, wa tumbo moja, mkubwa kwake kwa miaka kumi na mmoja. Hili la pili halikuwa siri, ila halikupata nafasi ya kusemwa. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni, akazunguka naye majumba ya watu akifua nguo, na kwa nguo hizo akamfikisha chuo cha Biblia. Sasa mbele za watu ni yeye aliyekuwa akimwamkia mdogo wake. "Shikamoo, Mchungaji," na Mchungaji anaitikia marahaba. Mara ya kwanza kuitikia alisikia uso unamchoma. Mara ya tatu hakusikia kitu.

Alhamisi hiyo Askofu alikuwepo. Alipita stoo kusalimia, akamkuta mama wa watu amepiga magoti, kisigino cha fundi viatu kiganjani. Akauliza huyu mama ni nani, mbona amefanana na Mchungaji namna hii.

"Huyu? Ni mfagiaji wetu tu, Baba Askofu," Mchungaji akasema, na akatabasamu.

Mama Beseni hakuinua kichwa. Aliendelea kusugua kisigino kilekile, ambacho kilishatakata zamani, mpaka fundi viatu akamwambia kwa upole kwamba hapo sasa umebaki mfupa.

Ibadani Mchungaji alihubiri juu ya unyenyekevu, na jamani, huyu mtu alikuwa akijua kuhubiri. Akashuka, akapiga magoti kwenye mto wa mahameli, akamimina maji juu ya mguu wa fundi viatu. Maji yalipokaribia vidole vya Mchungaji yaligawanyika, yakapita pembeni kwa adabu, yakakutana tena chini. Akamimina tena, ikawa vilevile. Akatumbukiza mikono yote miwili kwenye beseni, na maji yakarudi nyuma, yakaacha shimo lenye umbo la mikono yake, hata ua lililochorwa chini ya beseni likaonekana. Alipoitoa ilikuwa mikavu kama karatasi. Fundi viatu alisogeza mguu mbele kidogo, akidhani labda tatizo ni umbali. Kwaya ilirudia ubeti wa pili mara nne, Askofu akatazama saa yake.

Baadaye ilijulikana kuwa ni mikono tu. Maji aliyanywa, uso aliunawa kwa kitambaa, na mvua ilimlowesha mwili mzima isipokuwa viganja. Jumapili ya ubatizo alishindwa kumtia mtoto hata tone la maji, na wazazi walisimama wakisubiri kama watu walio kwenye foleni ya posta. Basi kamati ikakaa. Katibu, mwalimu mkuu mstaafu aliyependa mambo yaende kwa mpangilio, aliliweka suala hilo kuwa ajenda ya nne, kati ya bati linalovuja na sare za kwaya. Alieleza kuwa joho la Mchungaji ni pana, na Mama Beseni ana mwili mdogo. Akisimama nyuma ya Mchungaji, ndani ya joho, akapitisha mikono yake pale panapopita ya Mchungaji, ibada itaendelea. Hakuna aliyepinga. Mama Beseni mwenyewe hakuulizwa, aliletewa taarifa akiwa anapiga deki.

Ikawa hivyo. Chini ya joho ilionekana miguu minne, miwili ndani ya viatu vilivyopigwa rangi na miwili ndani ya kandambili. Watoto waliihesabu, mama zao wakawafinya. Mikono ile iliyochubuka kwa sabuni ilibatiza, ikabariki maharusi, ikagawa mkate, huku Mchungaji ameikunja ya kwake kifuani kwa ndani, akitamka maneno. Usiku na mchana alikuwa na aibu. Alikula na aibu, akaamka nayo, ila kila Jumapili alivaa lile joho.

Ijumaa moja asubuhi alimkuta dada yake stoo, anakamua tambara. Walikuwa peke yao. Mama Beseni akaketi, akavua kandambili.

"Lete hilo beseni."

"Dada..."

"Nioshe."

Mchungaji alikwenda mlangoni, akaufunga kwa ufunguo, akarudi, akapiga magoti kwenye saruji. Maji yaliipokea mikono yake papo hapo, ya baridi, hadi juu ya vifundo. Akaosha visigino vilivyopasuka, akaosha katikati ya vidole, akakuta magotini sugu ngumu za miaka minane. Alilia. Alimwomba msamaha kwa neno lile la "mfagiaji wetu tu", na dada yake akamwacha alie mpaka amalize.

"Umeona. Maji hayana ugomvi na wewe."

"Nimeona, dada."

"Sasa mlango umeufunga wa nini?"

Mchungaji aliinuka kwenda kuufungua. Mikono yake ilikuwa imeshakauka kabla hajaufikia ufunguo.

"Kila mwaka mnaweka viti kumi na viwili," dada yake akasema huku anavaa kandambili. "Mwakani weka cha kumi na tatu. Nami nitajua nina ndugu."

"Nitaweka."

Na kweli alikiweka. Alhamisi ya mwaka uliofuata alikibeba mwenyewe mapema mchana, akakipanga mwisho wa safu, akakifuta vumbi kwa mkono wake mkavu. Jioni kanisa lilijaa, Askofu akaja na mkewe na mpiga picha. Mama Beseni alimaliza miguu ishirini na minne, akabadili nguo, akatoka stoo na gauni lake zuri. Akakiona kiti. Akasimama kando ya ukuta, akamtazama mdogo wake.

Katibu alikuja akiwa na wasiwasi. Hesabu yake ilikataa. Akamnong'oneza Mchungaji kama kile kiti cha mwisho ni cha mtu.

Mchungaji alitazama kiti, akamtazama Askofu, akatazama kamera. Kulikuwa na nafasi ya kutosha kusema neno moja, dada, ni neno fupi.

"Hapana," akasema. "Mwekeeni mama Askofu mkoba wake."

Mkoba ukawekwa. Mchungaji akalifungua joho kidogo kwa nyuma, na Mama Beseni akaja na gauni lake zuri, akaingia. Mikono ikatokeza. Fundi viatu, aliyekuwa ameshasuguliwa na mikono hiyohiyo nusu saa iliyopita, akageuza uso pembeni.

Mke wa Askofu aliguswa sana. Aliinama, akaushika mkono mmoja uliolowa, akaugeuza kiganja juu.

"Mchungaji, mkono huu umefanya kazi."

"Tunajitahidi, mama," Mchungaji akajibu.

Mgongoni alisikia paji la uso la dada yake limemwegemea, zito, kama yeye alivyokuwa akiegemea mgongo wa dada yake alipokuwa akibebwa utotoni. Katibu akawaonyesha kwa kidole, na wakasogea wote wawili, hatua moja, kwa mtu wa pili.