Kuku na Karatasi

Kazi ya Dokta Constantine Masele ilikuwa kazi ya mikasi. Ungemkuta katika maabara yake Dar es Salaam ungedhani ni fundi cherehani aliyepotea njia akavaa koti jeupe. Damu ya mgonjwa ikifika, aliilea kwenye joto siku tatu kama mayai chini ya kuku, akaitazama kwa hadubini, akapiga picha, akaisafisha, kisha akaketi na mikasi yake. Alizikata kromosomu moja moja, vijiti vyeusi vilivyojikunja kama viwavi, akazipanga juu ya karatasi: kikubwa na mwenzake, kidogo na mwenzake, jozi ishirini na tatu.

"Panga kama maksai wa plau," aliwaambia wanafunzi wake, kwani alikuwa mtoto wa wakulima wa Lalago. "Kila mmoja na wa kimo chake. Akizidi mmoja au akipungua, plau inakwenda kombo, na mtoto anazaliwa vingine."

Alhamisi moja ya mwezi wa sita, mwaka tisini na sita, alipanga karatasi ya dada yake Milembe, na maksai mmoja akakosekana.

Alihesabu upya. Arobaini na tano. Akainama chini ya meza, huenda kijiti kimedondoka. Hakikudondoka. Kilikuwa palepale machoni pake: kimoja cha jozi ya ishirini na moja kilikuwa kimepanda juu ya kimoja cha jozi ya kumi na nne, vikashikamana vikawa mwili mmoja. Ndani ya Milembe hakikupungua kitu cha maana, ndiyo sababu alikuwa mzima, jembe mkononi tangu alfajiri. Lakini alipomgawia mtoto urithi wake, mara nyingine mzigo ulizidi. Ulizidi kwa mvulana aliyefariki akiwa na miezi kumi na moja. Ulizidi kwa Nyamizi, binti wa miaka mitano aliyejifunza kutembea juzi tu, mwenye macho yaliyopanda pembeni na ulimi usiotulia kinywani.

Akavuta karatasi ya Dastan, mume wa Milembe. Huyo maksai wake wote walikuwa zizini, wawili wawili.

Constantine akaweka mikasi chini. Angekuwa amegundua ugonjwa tu, angevumilia. Hiyo ndiyo kazi yake. Kilichomtesa ni kiapo.

Miezi miwili nyuma alikuwa amekwenda Bariadi kwa utafiti wake. Alizunguka na gari kutoka mji hadi mji, akafika Maswa, akafika hadi Mkula, akitafuta watoto waliofichwa vyumba vya ndani. Kila alipokaribishwa alichora ukoo: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, na aliyezaliwa vingine akapakwa wino mweusi. Kila mama alimuuliza kwa upole, "Mayu, mimba ngapi zimeharibika? Watoto wangapi umewazika?" Hakuna ukoo alioupita bila kuuchora, isipokuwa mmoja. Wa kwao.

Alipofika kwa shemeji zake, nje kidogo ya Bariadi mjini, alikuta manyoya uani. Mama Dastan alikuwa ameita mfumu, mpiga ramli mmoja mzee aitwaye Bundala, naye akapasua kifaranga na kusoma mabawa na utumbo wake. Kuku alisema neno moja: kitu hiki kimetoka kwa mama, kimekuja naye kutoka Lalago. Lakini kuku huyohuyo alitoa na njia. Milembe arudi kwao mwezi mmoja, mbuzi achinjwe kwenye kaburi la baba yake, aoshwe, kisha arejee kwa mumewe, na asitokee mtu wa kulitaja tena jambo hilo. Asipooshwa, basi alichokuja nacho arudi nacho, na Dastan aoe mwingine.

Milembe alikuwa ameshafunga kanga zake. Alikuwa tayari kwa mbuzi.

Constantine ndiye aliyekataa. Damu ilimpanda. "Dada yangu si sufuria ya kusuguliwa!" alifoka mbele ya wazee. "Zama hizi, serikali imefungua milango ya biashara, kila mtu ana redio, na nyie mnauliza habari za mtoto kwenye utumbo wa kuku?"

"Redio inajua kuzaa?" Mama Dastan alimjibu, na watu wakacheka.

Kicheko kile kilimchoma kuliko tusi. Alikuwa amesikia kwamba shangazi wa Dastan aliwahi kuwa na mtoto kama Nyamizi. Akalishika hilo kama mlevi anavyoshika ukuta. Moyoni alishahukumu kwamba kitu kimetoka upande wa mume. Ndipo akasimama, akatamka maneno ambayo mtafiti yeyote mwenye akili timamu hayatamki kabla ya majibu:

"Nitachukua damu ya Milembe, ya Dastan na ya mtoto. Nitaleta karatasi. Kuku na karatasi vikae hapa, mbele yenu. Karatasi itakavyosema, ndivyo itakavyokuwa."

Mzee Ngassa, baba yake Dastan, mtu wa maneno machache, akauliza. "Na sisi tuifuate?"

"Muifuate."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi ale majani."

Wakakubaliana. Milembe akafungua kanga zake. Hakuna aliyemuuliza.

Sasa, maabarani, Constantine akajichoma sindano mkononi, akatoa damu yake mwenyewe. Baada ya siku tano alikuwa na karatasi ya pili. Arobaini na tano. Kijiti kilekile juu ya kijiti kilekile. Ndipo alipomkumbuka mama yao, Veronica, na vilima vidogo vinne nyuma ya nyumba ya Lalago, ambavyo walipokuwa watoto walikatazwa kuvikanyaga. Aliwauliza wanawake wa wilaya tatu kuhusu vilima vyao. Vya mama yake hakuwahi kuviuliza.

Alifika Bariadi asubuhi, msimu wa kuchuma pamba umeshika. Ghala la ushirika lilikuwa limefungwa kwa kufuli lenye kutu, na mbele yake malori ya wanunuzi binafsi yalipanga foleni, yakipiga honi, kila mnunuzi akidai mzani wake ndio wa haki. Alimkuta Milembe shambani. Nyamizi alikuwa ameketi juu ya tita la pamba kama malkia, akijipaka nyuzi usoni.

"Jomba!" Nyamizi akapiga kelele, akamnyooshea mikono.

Milembe hakuacha kuchuma. "Kaka, ukiwa na habari njema huwa unapiga kelele tangu barabarani. Leo umekuja kama mwizi."

Akamwambia. Hakuzunguka. Milembe akafuta mikono, akaiomba karatasi, akaweka kidole juu ya kile kilichoshikamana.

"Hiki ndicho?"

"Ndicho."

"Kidogo hivi." Alikitazama kana kwamba kingesema kitu. "Kinatoka?"

"Hakitoki. Lakini si kosa lako, Milembe. Si uchafu, si laana. Mimi pia ninacho. Na unaweza kuzaa mtoto mzima, uwezekano huo ni mkubwa kuliko..."

"Kaka." Alimkatiza taratibu. "Jioni waambie ni bahati mbaya tu. Waambie haikutoka kwa mtu."

Constantine akaikunja karatasi. Honi za malori zilisikika mbali.

"Niliwadhihaki wazee wa watu kwamba wanadanganya kwa utumbo wa kuku," alisema. "Nikidanganya kwa karatasi, nitakuwa nani?"

"Utakuwa kaka yangu."

Akarudi kwenye mstari wake wa pamba.

Jioni, jua likiwa bado juu ya mawe ya kilimani, pande mbili zilikaa uani kwa Mzee Ngassa. Mama Veronica alikuwa ameletwa kutoka Lalago, amevaa gauni lake la kanisani. Dastan aliketi kwenye kigoda akimmenyea Nyamizi karanga, moja yake, moja ya mtoto, kama alivyofanya kila siku. Alimpenda mtoto yule. Hilo hakuna aliyelibisha.

"Mwadila, mayu," Constantine alimsalimu Mama Dastan.

"Mwadila, daktari wa mikasi. Kuku wangu leo wamejificha wote, wamesikia karatasi inakuja."

Watu wakacheka. Naye akatabasamu, maana mwenye kwenda kunyongwa huchekea hata utani wa mnyongaji. Alikuwa ameamua kudanganya. Njia nzima kutoka shambani alikuwa ameyapanga maneno: ni bahati mbaya, haikutoka kwa mtu. Akaanza vizuri. Akaeleza jozi, maksai, plau. Akasema mtoto wa namna hii huzaliwa Ulaya, huzaliwa Uhindini, huzaliwa kwa tajiri na kwa padri angelikuwa anazaa. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Milembe, aliyeketi nyuma ya wanawake, akainua uso.

Ndipo Mzee Ngassa akauliza. Hakuuliza kwa hila. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Kwa hiyo, baba, kuku alidanganya?"

Neno moja lilitosha. *Ndiyo*. Lilikuwa ulimini kwake, limeiva. Lakini karatasi ilikuwa mkononi, na miaka kumi na miwili ya usomi nyuma yake, na kiburi ambacho mtu hukiita ukweli kinapomfaa.

"Kuku hajui kitu," alisema. "Ila..."

Na ile *ila* ikatosha.

Mama Dastan hakupiga kigelegele. Angepiga, ingekuwa nafuu. Alisogeza tu kigoda chake karibu. "Ila nini, mwanangu?"

Akasema yote. Alipomaliza akaitoa karatasi ya pili. "Na hii ni yangu. Mimi ni kama Milembe. Mkisema ana kosa, na mimi ninalo."

Alidhani amemkinga. Mama Veronica ndiye aliyesema, sauti yake kavu kama ganda la mtama. "Nilizika wanne. Mmoja alikuwa na macho kama ya Nyamizi. Hakuna aliyeniuliza." Hakumtazama mwanawe aliposema hivyo.

"Basi ni ukoo wote," mtu mmoja alinong'ona.

"Kuna dawa, shemeji?" Dastan aliuliza. Karanga zilikuwa zimebaki mkononi.

"Hakuna."

"Sasa wewe mwenyewe ona," alisema Mama Dastan, na sauti yake ilikuwa ya uchungu, si ya ushindi. "Kuku alisema kimetoka kwake, na karatasi imesema kimetoka kwake. Lakini kuku alitupa mbuzi. Karatasi yako inatupa nini?"

Constantine akafungua mdomo. Akasema Milembe anaweza kuzaa mzima. Akasema basi wairudie njia ya mbuzi, hata yeye atamnunua, atamchinja kwa mkono wake mwenyewe. Alijisikia akisema hivyo, yeye, daktari.

Mzee Ngassa akatikisa kichwa kwa huzuni. "Ulisema mbuzi ni upuuzi, tukakuamini. Umesema hakiondoki, tumekuamini. Sasa tumchinje mbuzi ili aondoe nini?" Akanyanyuka kwa fimbo yake. "Tulikubaliana tuifuate karatasi. Kilichokuja naye kirudi naye."

Watu wote wakamtazama Dastan. Naye aliitazama mikono yake. Kisha akamenya karanga nyingine, akampa mtoto. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Asubuhi Constantine alikuja na gari kuwachukua Milembe na Nyamizi. Mama Veronica alikuwa ameshaketi kiti cha mbele. Milembe hakuwepo uani. Alimkuta shambani, kwenye mstari uleule wa jana.

"Twende, dada. Jua litatukuta njiani."

"Nimalize mstari wangu. Mimi ndiye niliyeupanda."

Constantine akavua koti, akainama kumsaidia. Alichuma kwa pupa, mikono yote miwili, akitaka kufidia kwa mstari mmoja jambo ambalo mashamba yote ya Usukuma yasingelifidia. Milembe akalitazama fungu lake, akaanza kutoa majani makavu aliyoyachanganya na pamba, moja baada ya jingine.

"Acha, kaka. Unaichafua."

Akasimama kando. Milembe akauliza, bila kuinua kichwa:

"Siku ile ulipowaapia, ulikuwa umeshaijua karatasi itasema nini?"

"Sikujua."

"Hata Bundala hakujua." Akachuma kitumba kingine. "Ila yeye aliniachia njia ya kurudi."

Alimaliza mstari. Akaifunga pamba yote kwenye shuka, akaibeba kichwani hadi pembeni mwa shamba, akaiweka pale ambapo Dastan angepita na baiskeli.

"Ni yao," alisema.

Nyamizi alikuwa amemshika mjomba wake kidole, anacheka, anamvuta kuelekea nyumbani kwa baba yake, ambako karanga za asubuhi zilikuwa bado hazijamenywa. Milembe akambandua kidole kwa kidole, akamfunga mgongoni, akatangulia kwenye gari.