Mchoro Uliobaki kwa Mwanatabu

Zuleikha alinipigia simu kutoka Muscat baada ya sala ya alasiri, nami nimekaa barazani kwangu Timbwani, stima imekatika tena.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Stima hatuna. Wakubwa wamelala, wanaamka siku ya kuleta bili tu."

"Na kompyuta ya mama?"

"Iko kwenye betri ya sola. Haijazimwa tangu siku ile."

Siku ile ni siku aliyofariki mama yake, Mwanatabu, mke wangu. Presha ilimpanda akiwa mbele ya hiyo kompyuta. Tukamkimbiza zahanati, tukaambiwa daktari ameitwa mkutanoni. Mkutano wa nini, na wagonjwa wamejaa mpaka uani? Sijajibiwa mpaka leo, wala sitarajii. Wenye kuitisha mikutano hawaugulii kwenye foleni.

Mwanatabu alikuwa mchoraji wa kofia. Zamani alichora kwa kalamu ya risasi juu ya kitambaa, mpaka macho yakamchoka, ndipo akanunua kompyuta kuukuu. Brandon, fundi wa Mikindani, akaitilia mfumo wa Linux maana ilikuwa imejaa virusi. Mchoro ukiisha hupigwa chapa kwenye karatasi, na washonaji, kina Kadzo wa Bofu, huiweka karatasi juu ya kitambaa, wakatoboa kwa sindano, wakashona. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kofia ya Luqman, kitinda mimba wetu, ya kuvaa siku ya nikaha. Nikaha ikasogezwa kupisha arobaini. Sasa arobaini inakaribia, Kadzo kila siku anauliza mchoro, na mchoro umo ndani ya chumba nilichokifunga kwa ufunguo.

Zuleikha hufanya kazi ya kompyuta huko ofisini kwao. Brandon alishaiunganisha mashine ya mama yake ili yeye aweze kuingia kutoka mbali. Mpango wake ulikuwa aingie, auchukue mchoro, amtumie Kadzo. Basi.

"Nimeingia, baba," akasema. "Jina la mama limekubali, neno lake la siri limekubali. Lakini naona weusi mtupu. Hakuna picha, hakuna faili, ni kimshale tu kinatembea."

"Ndiyo intaneti yao hiyo. Wanatuuzia hewa."

"Ingekuwa intaneti nisingefika kabisa. Subiri nijaribu tena."

Nikasubiri. Nikamsikia akibofya, akivuta pumzi.

"Bado giza. Baba, umekichomoa kioo?"

"Sijachomoa kitu. Nimekifunika tu."

"Kwa nini?"

"Kwa leso ya mamako. Nyumba ya msiba haiwashwi televisheni, na kile nacho mimi naona ni televisheni. Sijui hukumu yake."

Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu tuzike. "Leso haina kosa. Nambie hivi: mama alitoka kwenye kompyuta? Aliifunga kazi yake?"

"Aifunge vipi, na alianguka?"



"Basi ndiyo hiyo, baba. Mama bado yumo. Kompyuta inajua Mwanatabu amekaa hapo mbele yake. Mimi nikija kwa mlango wa pili na jina lile lile, inanifungulia, lakini meza ya kazi hainipi, kwa kuwa mwenyewe anayo. Ndiyo maana naona giza. Lazima atolewe kwanza."

Wallahi neno lile lilinichoma.

"Atolewe na nani?"

"Na wewe."

"Nimeshamtoa nyumba hii kwa jeneza, Zuleikha. Simtoi tena."

"Ningeweza kumtoa nikiwa huku huku, kwa amri moja tu. Lakini sijui kama aliihifadhi kazi. Nikimtoa kwa nguvu naye hakuhifadhi, kofia ya Luqman imepotea."

"Si ungemlaumu yule Brandon, aliyeunganisha vitu nusu nusu..."

"Baba. Hapa hakuna mkubwa wa kumlaumu. Kuna wewe na ufunguo."

Ana ulimi wa mamake, huyu. Nikainuka.

Chumba kilikuwa na harufu ya udi wa siku zile. Miwani yake iko pale pale kando ya vibonyezo. Nikaivua leso, kioo cheusi. Nikagusa kipanya, kikawaka. Kufuli hakuitia, alikuwa akisema hapa Timbwani hakuna mwizi ajuaye kuchora kofia.

Mchoro ukanitazama. Matundu madogo madogo kama mtama uliomwagwa kwa mpango, na maua yamezunguka ukingo wote. Ua moja limekatika katikati. Hapo ndipo mkono wake ulipokomea.

"Juu kabisa, kwenye jina la kazi, kuna kinyota?" Zuleikha akauliza.

"Kipo."

"Ya Rabi. Basi hakuhifadhi. Kibonyezo cha chini kabisa kushoto, kishike usikiachie. Kisha gusa S."

Mimi shule niliiacha darasa la tatu, lakini S naijua. Nikagusa. Kinyota kikaondoka.

"Kimeondoka."

"Alhamdulillahi! Sasa kofia iko salama. Kona ya juu kulia, bonyeza. Usichague cha kuzima, chagua cha kutoka, neno lake la Kiingereza linaanza na L."

Nikabonyeza. Kikatokea kidirisha, na tarakimu zinahesabu kurudi nyuma. Zuleikha akaeleza kwamba naweza kubonyeza kukubali, au nikiacha, mashine itamtoa yenyewe hesabu ikiisha.

Sikubonyeza. Nilikaa kwenye kiti chake nikamsomea Fatiha, taratibu, mpaka tarakimu zikaisha. Mchoro ukafifia. Kioo kikawa cheusi.

Kisha kikawaka tena. Katikati pameandikwa Mwanatabu, na chini ya jina kijisanduku kitupu cha kuandikia neno la siri. Nilidhani tumemfuta. Kumbe mashine inamngoja aingie.

"Baba!" Zuleikha alipiga kelele mpaka nikaitenga simu na sikio. "Nimeingia upya, naona! Giza limeondoka. Naona meza ya mama yote, na kofia nimeifungua... baba, kuna ua moja halijaisha. Nimwambie Kadzo alimalizie?"

"Mwambie asiliguse."

"Luqman atavaa kofia yenye ua nusu siku ya nikaha? Watu watacheka."

"Wacheke. Wakiuliza, waje kwangu niwaambie daktari alikuwa mkutanoni."

Nikamsikia analia, nikamwacha alie. Leso nikaikunja nikaiweka juu ya kiti, na kioo nikakiacha wazi. Chumba sikukifunga.

"Baba," akasema mwishowe, "stima imerudi?"

"Irudi wapi," nikamwambia. "Mtumie Kadzo mchoro, upesi, kabla betri nayo haijaisha."